Dakika Mbili za Marehemu Hollis Brandt

Mwaka ule Novemba iliingia Halsey Bluff na hakuna aliyeliambia joto kwamba zamu yake imekwisha. Kuku wa Shemasi Mouzon walikuwa wakitaga mayai yaliyokwisha kuiva. Kama huamini, muulize yeye mwenyewe; alikuwa akitembea na chumvi mfukoni. Upande ule wa Karolina Kusini watu husema uongo wa joto bila haya, lakini uchaguzi huuzungumzia kwa sauti ya chini, kama ugonjwa wa mjomba.

Bi Luvenia Gadsden alikuwa amechoka. Hakuwa amechoka kwa kazi, maana kazi alishazizoea tangu enzi za kuchuma pamba na mama yake. Alichoka kukumbukwa. Kila baada ya miaka miwili, majani yakianza kugeuka rangi, simu yake ililia na Chama kikawa upande wa pili. Chama kilimkumbuka kama mtu anavyoukumbuka mwavuli: mvua ikikatika, anausahau kwenye kiti cha kinyozi.

Na kila mara aliitika. Upande wote wa kusini wa reli, walikokaa watu weusi, hakukuwa na mlango asioujua wala mbwa asiyemjua jina. Akisema, "Fulani anafaa," watu walikwenda kumpigia kura fulani. Halikuwa neno la kununuliwa. Alilijenga miaka arobaini, kwa kupeleka wali kwenye misiba na kukaa na wagonjwa.

Miaka miwili nyuma alilitumia vibaya. Alisimama akawaambia majirani kwamba mtu wa Chama aliyegombea useneta wa jimbo ataiokoa wodi ya wazazi, wodi pekee kaunti nzima. Mtu akashinda. Wodi ikafungwa kabla ya mwaka kugeuka. Mheshimiwa akapata kazi nzuri zaidi mji mkuu, akaacha kiti na salamu za Krismasi. Binti wa Earlene Sumpter, jirani wa nyumba ya tatu, akajifungua kando ya barabara kuu, ndani ya gari, malori yakipita.

Mtoto aliishi, mama aliishi. Lakini tangu siku ile Earlene hakumsemesha Luvenia. Na wengine walimsalimia vizuri tu, wakamuuliza habari za magoti yake, wakamletea bamia. Kitu kimoja hawakumwuliza tena: "Luvenia, unaonaje?"

Hilo ndilo lililomkondesha. Mwanamke aliyezoea kuulizwa, akinyimwa swali, huwa kama kinu kisicho na mchi.

Basi Alhamisi, kabla ya Jumanne ya kupiga kura, alikuja jikoni kwake kijana mmoja mweusi, mrefu, viatu vinang'aa kuliko madirisha ya benki. Jina lake Tarrance Whitlow. Alizaliwa huko kaskazini kwenye theluji, na kazi yake ilikuwa kukiandikia Chama maneno ya kuwaambia watu weusi.

"Bi Luvenia," alisema, akipanga karatasi juu ya meza, "mgombea wetu wa useneta safari hii ni Hollis Brandt. Diwani wa kaunti. Unamjua."

"Namjua mzungu mmoja anayepita na gari la kijani."

"Ndiye. Sasa, tumefanya utafiti. Kwa jamii yenu, yaani yetu, neno linalogusa ni 'heshima'. Na 'safari'. Tukisema 'safari', alama za mgombea zinapanda."

"Wale wa kaskazini ya reli mnawaambia neno gani?"

"Kule tunasema 'ajira'."

Luvenia aliacha kumenya viazi. "Na sisi hatutaki ajira?"

"Mnataka, bibi. Ila haikupanda sana kwenye alama."

"Mwanangu, mimi nilifulia watu miaka kumi na tisa kiwanda kilipofungwa. Heshima nilikuwa nayo kabati zima. Ajira ndiyo sikuiona."

Tarrance alicheka, kicheko cha mtu ambaye kicheko kimemponyoka. Katika kupangua mfuko wake, tangazo la upande wa pili wa reli likaanguka sakafuni. Luvenia akaliokota. Brandt alikuwa ameshika bunduki ya kuwindia, mbwa miguuni, na chini yake maneno: Hollis Brandt, hapokei amri kwa mtu, hata kwa chama chake. Lile la kusini, lililokuwa juu ya meza, lilimwonyesha akipiga makofi katikati ya kwaya ya watu weusi wenye majoho ya zambarau.

"Hii kwaya ya wapi?"

"Ya... kutoka Ohio."

"Na mbwa?"

"Mbwa ni wake kweli."

"Angalau mmoja wao anamjua," alisema Luvenia, akarudia viazi vyake.

Kijana akaeleza haja yake. Jumapili Brandt atakuja Kanisa la Mlima Nebo kutoa salamu. Baada ya salamu, Luvenia asimame aseme maneno matatu tu: ni mmoja wetu. Sauti yake itarekodiwa, ipigwe kwenye simu za watu kusini yote ya reli, Jumatatu jioni.

"Nikikataa?"

Tarrance alivua miwani yake, akaikunja. Bila miwani alionekana mtoto, tena mtoto aliyekosa usingizi. "Bibi, nimeshapita kaunti sita. Kila mahali ni bibi kama wewe, jiko kama hili, maneno hayohayo. Mimi mwenyewe nimechoka. Lakini yule mpinzani ameshasema wazi: akiingia, hata kliniki iliyobaki haitaona mwaka mpya. Bila upande wako wa reli hatushindi."

Hilo Luvenia alilijua. Ndilo lililomkera: kila mara upande wa pili ulikuwa mbaya kiasi kwamba upande wako haukuhitaji kuwa mzuri.

"Nitafikiri," alisema. "Kula viazi."

Jumapili Luvenia alitoka mapema na basi dogo la kanisa kuwakusanya wazee, nalo likamgomea mara mbili njiani. Alipofika, ibada ilikuwa imeanza. Akavaa glavu zake nyeupe, akashika nafasi yake mlangoni. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa wahudumu wa mlangoni pale Mlima Nebo, na kazi hiyo ina sheria zake. Mhudumu hasemi wakati wa ibada. Anaongea kwa mikono. Mkono mmoja nyuma ya mgongo maana yake kaa tayari. Kiganja kilichoinuliwa maana yake usipite. Wakati wa sala, au mtu anapotoa neno, kiganja kikiinuka hapiti hata gavana.

Mchungaji, aliyeambiwa peke yake kwamba Brandt anakuja, hakuwepo, maana alihudumia makanisa mawili, na Jumapili ile ilikuwa ya wenzao wa ng'ambo ya kinamasi. Aliyeongoza ni Shemasi Ezell Mouzon, mtu wa miaka themanini na mbili, mwenye sauti ya radi na macho ya fuko.

Luvenia alitupa jicho kwenye mabenchi, akayatazama tena.

Kiyoyozi kilikufa tangu Julai, na Chama, kwa wema wake, kilikuwa kimeleta mapepeo ya karatasi ngumu, yale yenye kijiti cha kushikia, moja kwa kila mtu. Kanisani pale mapepeo hayakuwa jambo geni. Nyumba ya Mazishi ya Gethers iliyaleta kila kiangazi, na ukifiwa walikutengenezea ya kwako: picha ya marehemu, mawingu, njiwa, mwaka aliozaliwa na mwaka aliotwaliwa. Kila nyumba kusini ya reli ilikuwa na pepeo la mjomba au shangazi limechomekwa kwenye kioo.

Na hayo mapya yalikuwaje? Hollis Brandt, anatabasamu, macho yametazama juu. Nyuma yake anga la samawati lenye mawingu. Njiwa wawili. Jina kwa maandishi ya dhahabu. Chini: Tangu 1961. Na mgongoni: Safari yake inaendelea. Tuimalize kazi aliyoianza.

Mtu mwenye digrii mbili alikaa katika ofisi yenye baridi akalibuni lile pepeo, na wenzake wakampongeza. Kusini ya reli mtoto wa miaka mitatu angekuambia: huyu mtu amekufa.

Mama Philathea, mkongwe wa kanisa, tayari alikuwa akijifuta machozi. "Maskini, mdogo hivi," alisema. "Sitini na kitu ni nini?"

Shemasi Mouzon akalileta pepeo karibu na pua, akalirudisha mbali, akashusha pumzi.

"Kanisa," alinguruma, "naona tumefiwa. Ndugu, ee, Brandt. Diwani wetu. Hatukuambiwa, lakini familia imetuletea mapepeo, na Mlima Nebo hatumwachi mtu aende bila neno. Tutatoa dakika mbili mbili. Nawaomba, tusimseme marehemu kwa urefu kuliko alivyoishi."

Luvenia alijua. Brandt alikuwa mzima kama nyumbu, na angefika muda wowote. Alipiga hatua moja kuelekea mbele amkonyeze Shemasi. Kisha shetani mdogo wa uzeeni, yule anayekaa na wanawake waliovumilia mno, akamshika pindo la gauni. Alitaka kusikia. Miaka yote alikuwa akiwaambia watu nani anafaa. Hakuwahi kusikia wanasema nini wenyewe, bila ujumbe, bila kwaya ya Ohio. Akarudi mlangoni, akaweka mkono nyuma ya mgongo.

Palepale mlango ukasukumwa. Brandt mwenyewe, kofia mkononi, Tarrance nyuma yake. Luvenia akainua kiganja cheupe.

Brandt alikuwa na adabu za mama yake, akasimama.

Ndani, mtu wa kwanza alikuwa fundi wa matairi. "Nilimwona kwenye hafla yetu ya samaki," alisema. Akafikiri. "Alikula vipande vitatu. Hakubakiza hata mwiba."

"Amina," watu wakaitikia. "Alikula kweli!"

Mama mmoja wa kwaya akasimama. "Alikuwa na meno mazuri."

"Meno alikuwa nayo!"

"Alinitumia kalenda," mwingine akasema.

"Huyo siye," Mama Philathea akamsahihisha. "Wa kalenda alishakufa tangu mafuriko."

"Basi samahani. Lakini kalenda ilikuwa nzuri."

Kukawa kimya. Watu wakatazama mapepeo, wakatazama dari. Mlima Nebo walikuwa na sifa ya kumpatia kila maiti neno jema. Mwizi wa farasi walimsifu kwa kupenda wanyama. Lakini pale kimya kilirefuka, kikajinyoosha, kikavua viatu. Mapepeo yenyewe yakaacha kupepea. Wenye kusimulia wanasema nzi mmoja aliomba radhi, akatoka.

"Jamani," Shemasi alisihi, "hata neno moja. Ndugu wa marehemu watatuonaje?"

Mlangoni masikio ya Brandt yalikuwa yameiva kama kamba mti aliyetoka kwenye maji ya moto. Tarrance alimnong'oneza Luvenia, "Bibi, tupishe, tunakufa hapa!"

Luvenia alivunja sheria ya wahudumu kwa mara ya kwanza maishani. "Mmoja wenu ameshakufa," alinong'ona. "Ngoja zamu yako."

Ndipo Earlene Sumpter akasimama. Alisimama polepole, ameshika mgongo wa benchi la mbele.

"Mnajua binti yangu alijifungulia wapi," alisema. "Kwenye kiti cha nyuma. Mimi nilimpokea mjukuu wangu kwa taulo la kukaushia gari. Wodi ilifungwa, na baraza la kaunti walikuwa na vikao vitatu juu ya jambo hilo. Nilikwenda vyote. Marehemu alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka mwisho. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Sisemi hivi kwa ubaya. Amekufa, Mungu amrehemu. Nauliza tu ili nijue nimlilie kiasi gani."

Hakuna aliyesema amina. Luvenia alimtazama Brandt, Brandt akatazama kofia yake. Luvenia akashusha kiganja.

"Sasa pita," alisema.

Yaliyofuata yameshasimuliwa mpaka yameota mabawa. Ni kweli Mama Philathea alipiga ukelele, "Yesu! Wafu wameanza kufufuka na mimi sijavaa kofia yangu nzuri!" Ni kweli mpiga kinanda alitoka kwa dirisha. Kwamba alipatikana kaunti ya pili bado na joho, akiuliza njia ya kwenda Galilaya, hilo naliacha kwa Shemasi Mouzon, ambaye naye hakuona.

Watu walipotulia, Brandt alisimama mbele na karatasi ya Tarrance. Ungedhani mtu aliyehudhuria msiba wake mwenyewe angekuwa na jambo jipya la kusema. Hakuwa nalo. Aliisoma karatasi, yote, kama mtu anayevuka daraja bovu na anaogopa kutazama chini. Heshima. Safari. Mapambano yetu ya pamoja. Jasho lilimdondoka kwenye herufi. Watu wakaitikia amina pale panapostahili, kwa wema, kama unavyomwitikia mtoto anayekariri.

Alipomaliza alikunja karatasi, akasita. "Yule samaki," alisema, "alikuwa mtamu kweli."

Hapo walicheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza cha halali siku ile. Lakini Earlene hakucheka. Aligeuka kwenye benchi, akatazama nyuma, moja kwa moja mlangoni.

"Luvenia," alisema. "Unaonaje?"

Kanisa zima likageuka naye.

Miaka miwili alikuwa amelingoja swali hilo, na lilipokuja lilimkuta miguu inauma. Tarrance alikuwa ubavuni kwake, simu imeinuliwa, inarekodi. "Maneno matatu," alimnong'oneza. "Tafadhali, bibi. Kliniki."

Yangetosha. Alijua kabisa jinsi yangetoka: polepole, la mwisho likivutwa kidogo. Watu wangekwenda. Labda kliniki ingepona. Na labda ingefungwa vilevile, na mwaka ujao binti mwingine, barabara ileile, na Earlene mwingine amesimama ameshika benchi.

Luvenia akavua glavu moja, akaanza.

"Mimi nitampigia kura," alisema. "Kwa sababu yule mwingine ameapa kufunga kliniki, na huyu hajaapa. Ndiyo hivyo tu. Nilitakiwa niwaambie ni mmoja wetu. Simjui zaidi ya mnavyomjua ninyi, na mmesikia wenyewe: samaki na meno. Safari iliyopita niliwaahidi kitu kisichokuwa changu. Safari hii siahidi. Akishinda, Jumatano nitakuwa mlangoni kwake. Akishindwa, nitakuwa mlangoni kwa yule mwingine, na huko hawanipi hata maji. Jumanne basi la kanisa litatoka saa moja asubuhi. Kupanda ni bure, na sitamwuliza mtu."

Akavaa glavu yake. Shemasi akatangaza wimbo, ukaimbwa bila kinanda.

Nje, Tarrance alikuwa amekaa kwenye ngazi, akichezea simu. "Bibi, hii siwezi kuipiga kwenye simu za watu. Huu siyo ujumbe."

"Ifute."

"Wataniuliza nimeleta nini."

"Waambie umekula viazi," alisema Luvenia, akamgusa bega, maana mtoto alikuwa mtoto wa mtu. Brandt alipita akielekea kwenye gari la kijani. Akavaa kofia, akaondoka.

Jumanne joto lilikuwa limevunjika. Ukungu ulitoka kwenye kinamasi, ukalala juu ya reli, ukafunika pande zote mbili bila ubaguzi. Luvenia aliliwasha basi kwa mara ya tatu likakubali. Jumatatu simu yake haikulia. Chama kilikuwa kimemaliza naye, au kimekasirika, na kwake yote yalikuwa mamoja. Hakulala vizuri. Usiku kucha alijiuliza kama ameuza kliniki ili anunue nafsi yake.

Nyumba ya kwanza hakutoka mtu. Ya pili, pazia lilisogea, likarudi. Ya tatu, Earlene Sumpter alikuwa amesimama kando ya njia, koti limefungwa mpaka shingoni, mkoba mbele ya tumbo.

Luvenia akafungua mlango. Earlene akapanda, akakaa kiti cha mbele, akaweka mkoba magotini. Wakaenda, taa za basi zikila ukungu kidogo kidogo.

"Simpigii kura huyo mtu wako," Earlene alisema mwishowe.

"Si mtu wangu."

"Najua. Ndiyo maana nimepanda."

Luvenia alikata kona ya Nyumba ya Mazishi ya Gethers. "Utampigia nani, basi?"

"Ulisema huulizi."

"Kweli. Nisamehe."

Earlene akatazama dirishani. "Gari lako linanuka banda la kuku."

"Ni Shemasi Mouzon, jana nilimpeleka kliniki na kuku wake."

Earlene hakucheka, lakini akakohoa kwa namna fulani, akafungua kifungo cha juu cha koti. Mbele yao, kwenye kibaraza cha nyumba ya manjano, wazee wawili walikuwa wameshasimama, wakipunga mikono ili waonekane. Luvenia akapunguza mwendo.

"Shuka uwashike mkono," alimwambia Earlene. "Magoti yangu leo hayataki."